Jembe Halina Nywila

Mwaka juzi, Walukuba, chumba cha nyuma kwa mama yangu,
mimi na Isabirye tulichanga tukaunda kompyuta:
kasha kutoka Kampala, feni yenye kikohozi,
kadi ya picha iliyokwisha kutumika mahali tusipopajua,
ikitoa harufu ya vumbi la nchi nyingine kila ilipopata moto.

Tukanunua mchezo. Tuliununua, nasema,
kwa pesa ya simu, kwa ada ya kutuma na ada ya kubadilisha,
kwa siku kumi na moja za Isabirye kupakia miwa Kakira.
Ukashuka tone kwa tone, kama bomba la mtaa siku za mgawo,
nasi tukilala kwa zamu, mmoja akilinda asilimia.

Ulikuwa mchezo wa kujenga reli.
Stesheni tukazipa majina ya kwetu,
Mbulamuti, Busembatia, Namasagali,
tukazirudishia treni ambazo babu yake Isabirye
alizipungia bendera mpaka zikaacha kuja.
Saa mia nne na ushee.
Ukichungulia chini ya daraja la Namasagali
utamwona mbuzi. Nilimweka mimi, bila sababu.

Kisha sehemu ya pili ikatoka,
ila si pale. Duka letu likasema sina.
Duka la pili likasema ninayo peke yangu, mwaka mzima,
njoo, lete barua pepe, lete namba ya simu,
kubali masharti. Kurasa arobaini.
Na reli zetu?
Zibaki huko zilikojengwa. Huku unaingia mikono mitupu.

Isabirye akatafuta laptopu ya mkono wa pili, akahama.
Mimi nikagoma. Sijui niligoma kwa ajili ya haki
au kwa ajili ya mbuzi.

Basi tukawa tunakaa migongo ikigusana,
soketi moja, roleksi moja tumeikata katikati,
naye ananitafuta kwa jina kwenye skrini yake.
"Upo?" aliniuliza, kwa mdomo.
"Nipo."
"Linasema hupo."

Mama alisikia tukibishana, akaingia na jembe,
si la kutupiga; alikuwa ametoka bondeni kwenye viazi.
Tukamweleza. Ilichukua muda.
Akasema: Hili nililinunua Amber Court.
Aliyeniuzia amekufa, duka lake ni saluni,
jembe linalima.
Halijaniuliza hata siku moja udongo ni wa nani.
Jirani akiliazima, linamlimia.
Nikifa, atakayelichukua hatadaiwa nywila.
Nyinyi mlinunua nini?

Tukatazamana.
"Ruhusa," Isabirye akasema, polepole,
kama mtu anayesoma risiti yake kwa mara ya kwanza.

Mama alicheka mpaka akakaa chini.
Ruhusa! Hiyo hata mimi ninayo stoo.
Na tangu siku hiyo akawa anatutoza
shilingi mia tano kila tukikalia kochi lake,
na kochi, alituonya, halihamishiki.

Mwaka ukaisha. Sehemu ya pili ikafika duka letu,
bei imeshuka nusu. Nikamwambia: rudi.
Akanyamaza, akachezea kebo.
"Kule nimeshajenga," akasema.
"Kiasi gani?"
"Saa mia tatu."
Hakuna aliyemfungia mlango. Aliujenga mwenyewe,
tofali kwa tofali, kila jioni, karibu na bega langu.

Akageuza laptopu nione.
Mbulamuti. Busembatia. Kilima kimekosewa.
Akashusha kamera taratibu chini ya daraja la Namasagali,
akanitazama mimi, si skrini.

"Wangu," nikasema baada ya kitambo,
"alikuwa na baka jeupe sikioni."
"Huku," akasema, "wanauza mabaka."